Mbona anga linatoka jeusi nikipiga picha majengo ya Posta usiku?

Swali: Nina kamera ya Canon yenye lenzi ya 18-55, na tripodi nyepesi. Huwa napiga picha majengo ya Posta, Dar es Salaam, nikiwa ufukweni upande wa Kigamboni. Nilisoma mahali kwamba nisubiri saa nzima baada ya jua kuzama. Nikifanya hivyo anga linatoka jeusi tititi, taa zinatoka nyeupe pepepe, na nikikuza picha naona kingo za majengo zimetikisika ingawa kamera ilikuwa juu ya tripodi. Je, ninunue lenzi ya f/1.8, inayoingiza mwanga mwingi?

Jibu: Ndugu yangu, hela ya lenzi iache mfukoni kwanza. Kwenye tripodi utabana tundu la lenzi hadi f/8 hata ukiwa na lenzi ya f/1.8, kwa hiyo hiyo mpya haitakuongezea kitu kwa kazi hii. Kinachokuangusha kwanza ni saa unayopiga.

Ushauri wa kusubiri saa nzima unawafaa watu wa kaskazini ya mbali. London mwezi Juni jua huzama kwa mshazari, na hupita zaidi ya dakika 45 kabla halijashuka nyuzi 6 chini ya upeo wa macho. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini ya ikweta. Hapa jua linashuka karibu wima, na safari hiyo hiyo inamalizika kwa dakika 22 hivi. Wewe unafungua shata (pazia la ndani ya kamera linaloruhusu mwanga kuingia) wakati samawati ya anga ilishaondoka kitambo. Kipimo cha mwanga cha kamera kinaona eneo kubwa jeusi, kinarefusha muda ili kulichangamsha, na zinazoungua ni taa.

Picha nzuri ya jiji la usiku hupigwa kabla usiku haujaingia, anga na madirisha vinapokuwa na nguvu zinazokaribiana. Kwetu muda huo ni mfupi: takriban kuanzia dakika ya 15 hadi ya 30 baada ya machweo. Dar jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, kwa hiyo ni rahisi kujipanga. Ukisikia adhana ya magharibi, tripodi iwe imesimama, fremu imechaguliwa na fokasi imefungwa. Ukianza kutafuta pembe wakati huo, umeshachelewa.

Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, f/8, picha zihifadhiwe kama RAW, yaani faili ghafi, kisha ubadilishe mwendo wa shata tu. Dakika ya 15 utakuwa kwenye nusu sekunde hivi, ya 20 kama sekunde 2, karibu na ya 27 sekunde 6 au 8. Mawingu yatabadilisha hesabu hizi, kwa hiyo kila baada ya dakika moja piga, tazama histogramu (grafu ya mwanga wa picha), urefushe muda. Usiifuate skrini kwa macho, maana gizani kila picha inaonekana ang'avu. Mizani ya rangi (white balance) ianzie Kelvin 3800, utarekebisha nyumbani. Piga pia picha moja ya muda mfupi zaidi kwa ajili ya taa peke yake. Kamera ikiwa haijasogea, utaziunganisha baadaye kwenye programu.

Sasa huo mtikisiko. Naushuku zaidi mfumo wa kutuliza picha ulio ndani ya lenzi. Hizi 18-55 nyingi zina swichi ya STABILIZER, na kamera ikiwa imetulia, mfumo huo unaweza kuhangaika wenyewe na kuchafua picha. Uzime. Tumia skrini badala ya kitundu cha kuchungulia, kuza taa moja ya mbali, fokasi hapo, kisha peleka swichi kwenye MF (fokasi ya mkono) ili lenzi isianze kutafuta upya gizani. Bonyeza kwa kipima muda cha sekunde 2, usifungue shata kwa kidole. Nguzo ya kati ya tripodi usiipandishe, na miguu ikandamize mchangani. Miezi ya kusi upepo wa baharini hapo ni mkali, kwa hiyo ning'iniza begi lako, lakini liguse chini, kwa sababu begi linalopembea ni baya kuliko kutokuwa nalo. Kama umefunga kioo cha kukinga lenzi, kivue: ndicho kinacholeta vidoa vya mwanga vilivyopinduka angani. Futa chumvi ya bahari kila baada ya muda.

Mahali unaposimama umepachagua vizuri mno. Ukiwa Kigamboni unatazama kaskazini-magharibi, kwa hiyo wekundu wa machweo unabaki nyuma ya majengo pacha yaliyokuwa ya mfuko wa pensheni wa PSPF na jirani zake. Juni na Julai jua linazama karibu zaidi na mgongo wa jiji. Desemba linahamia kushoto, upande wa Kurasini. Mimi ningekuja Juni. Tazama pia jedwali la maji: yakijaa jioni unapata taa zikimulika majini, yakipwa unapata tope mbele ya fremu. Muda wa kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi siku chache tu zinabadilisha kila kitu.

Jambo moja nakuomba ulizingatie sana: Ikulu ya Magogoni, bandari na maeneo ya jeshi si vitu vya kuelekezea kamera, na eneo lako lina majirani wote hao. Uliza kabla ya kusimamisha tripodi, usiende peke yako, na ukikatazwa funga vyombo bila ubishi. Paa la hoteli, kwa ruhusa ya wenyewe, litakupa utulivu zaidi.

Kama bado una hamu ya kununua kitu baada ya kujaribu haya, nunua tripodi nzito zaidi.