Dopamini haioshwi kwa juisi

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, nauza duka Kariakoo. Nikishika simu saa nne usiku nitazame video mbili tu, nakuja kushtuka saa nane. Nimefuta programu mara tatu, narudi. Kuna mtaalamu mtandaoni anauza kozi ya siku 7 ya kusafisha dopamini, na juisi yake, kwa shilingi 60,000. Nijiunge? – Msomaji, Mbagala

Jibu: Marahaba. Usijiunge.

Wiki haipiti sijaulizwa habari ya dopamini, kana kwamba ni oili chafu ya bodaboda: mwaga, weka mpya. Dopamini ni kemikali ya kupitishia ujumbe kati ya seli za ubongo, unaitengeneza mwenyewe humo ubongoni. Mgonjwa wa Parkinson anatetemeka na kukakamaa kwa sababu seli zinazoitengeneza zimekufa. Sasa huyo mtaalamu wako anasafisha nini?

Wala si kemikali ya raha, kama wanavyohubiri. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alizipima seli hizo kwa kima: juisi ikija bila kutarajiwa, zinalipuka, kima akishajua kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, zinalipukia taa, juisi yenyewe haizishtui tena. Hebu jiulize, katika video za jana ngapi zilikufurahisha kweli? Unakesha kwa kuwa hujui ijayo ikoje. Mwanasaikolojia Skinner aliliona hilo kwa njiwa zamani: punje zikitoka kwa kubahatisha, njiwa anadonoa hachoki, na hata zikikatwa anachelewa kuacha. Mashine za dubwi mtaani kwenu zinakula hela za vijana kwa hesabu hiyohiyo.

Halafu watengeneza programu wakaondoa mwisho. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni ukurasa usiokwisha mwaka 2006, amekiri hadharani kwamba anajuta. Gazeti hata likinoga lina ukurasa wa nyuma.

Wewe zima arifa zote, simu ilale sebuleni kwenye chaji, saa ya kukuamsha nunua ya mezani, Kariakoo zimejaa. Ulifuta programu huku simu ikiendelea kulala chini ya mto wako, ndiyo maana ulirudi.

Na huyo mtaalamu ulimpatia wapi? Humohumo, usiku wa manane, akitangaza “zimebaki nafasi tano”. Wanaonikera zaidi ni hawa, maana wateja wao si wapenda video peke yao. Nimempokea binti aliyenyweshwa juisi miezi mitatu kwa kukesha na simu, kumbe ni sonona, usingizi ulikuwa umemtoroka kabla ya simu. Ukiacha simu sebuleni na bado unakodolea dari hadi alfajiri, njoo Muhimbili, uliza kitengo cha afya ya akili.