Bibi shamba wa kupunguza mbolea

"Dada, shikamoo. Nimesikia uko Marekani unafanya kazi ya mbolea serikalini. Hiyo kazi unaipataje?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa wadogo zangu waliopita SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wengine wako hukuhuku, wanapakia mizigo kwenye maghala usiku, shahada ya kilimo imelala kwenye sanduku. Nimejibu kwa sauti za WhatsApp hadi koo limekauka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii. Marahaba.

Kwenye karatasi mimi ni mtaalamu wa usimamizi wa virutubisho vya mashamba, mwajiriwa wa jimbo la Maryland. Mama yangu alikisikiliza cheo hicho chote kwenye simu, akakifupisha: bibi shamba. Hajakosea. Ila mwaka wa tatu wa chuo, nilipokuwa Mbozi kwa mazoezi ya vitendo, kazi yangu ilikuwa kumbembeleza mkulima aongeze mbolea. Tulipima kwa kizibo cha soda: kizibo kimoja cha DAP kwenye shimo wakati wa kupanda, kisha urea ya kukuzia mahindi yakifika magotini. Mkulima anakusikiliza kwa adabu zote, halafu anakuuliza hela ya mfuko wa pili itatoka wapi, nawe huna jibu. Huku nakaa na mkulima mwenye lundo la mbolea ya kuku refu kuliko nyumba, imetoka kwenye mabanda yake mwenyewe, na kazi yangu ni kumwambia: shamba lile pale, mwaka huu usiweke. Hata toroli moja.

Anayetaka kazi hii aanze kwa kugeuza kichwa hapo. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima. Kila nikimwambia mtu apunguze, nilijisikia kama namnyang'anya.

Kilichonigeuza ni maji. Maryland imeikumbatia Ghuba ya Chesapeake, na mito ya majimbo sita pamoja na jiji la Washington humwagikia humo. Mbolea ambayo zao halikuila, mvua huisukuma mferejini, mfereji hadi kijitoni, kijito hadi ghubani. Huko inalisha mwani. Mwani ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, samaki na kaa wanakosa pumzi. Aliyekulia Mwanza au Kisumu hahitaji kuchorewa picha, ameshaona ziwa likigeuka kijani. Mwaka 1997 samaki walikufa kwa wingi kwenye mto Pocomoke, upande wa mashariki wa ghuba, ambako mabanda ya kuku ni mengi. Kikalaumiwa kijidudu kiitwacho Pfiesteria, watu wakaogopa hata kula samaki wa huko, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria. Mkulima anayeingiza dola 2,500 au zaidi kwa mwaka, au mwenye mifugo ya uzito wa jumla wa ratili 8,000, lazima awe na mpango wa virutubisho na aufuate. Mwaka 2010 shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, likaweka kikomo kwa ghuba nzima: naitrojeni ratili milioni 185.9 kwa mwaka, fosforasi milioni 12.5.

Ndiyo, ratili, yaani pauni ya uzito. Neno nililodhani limezikwa na bibi yangu limekuwa chakula changu cha kila siku. Ratili, ekari, futi, na busheli, ambayo kwa mahindi ni ratili 56, yaani kilo 25 na ushee. Zizoee mapema.

Sasa hesabu yenyewe, kwa sababu ndiyo moyo wa kazi. Chukua shamba la mahindi linalotegemewa kutoa busheli 180 kwa ekari. Kanuni ya huku ni takribani ratili moja ya naitrojeni kwa kila busheli, kwa hiyo zao linataka 180. Tuseme mbolea ya kuku ina ratili 60 za naitrojeni kwa tani, na nusu yake tu ndiyo itakayopatikana mwaka wa kwanza. Unahitaji tani sita kwa ekari. Vizuri. Lakini tani hiyohiyo imebeba, tuseme, ratili 50 za fosfeti, ndivyo fosforasi inavyohesabiwa kwenye mbolea, kwa hiyo tani sita zinaleta 300, wakati punje zitakazovunwa zitaondoka na kama 63. Zilizobaki zinakaa kwenye udongo. Fanya hivyo miaka thelathini, kama babu zao walivyofanya bila kuambiwa na mtu kwamba ni kosa, na udongo unajaa fosforasi hadi unaanza kuivujisha. Tangu mwaka 2015 jimbo lina kanuni maalumu ya mashamba ya namna hiyo: kipimo cha fosforasi ya udongo kikifika alama 150, hesabu ya naitrojeni peke yake haitoshi tena, lazima upime hatari ya fosforasi kufika majini. Na mara nyingine jibu ni sifuri.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoniaibisha. Kabla ya kuingia jimboni nilifanya kazi ya ugani, nikiwaandikia wakulima mipango yao. Maabara moja huandika fosforasi kama P, yaani fosforasi tupu, nyingine kama P2O5, yaani fosfeti, na kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 2.29. Mkulima mmoja alibadilisha maabara. Mimi sikutazama kichwa cha jedwali, nikaichukua namba ya P kana kwamba ni P2O5, samadi ikaonekana ina fosforasi kidogo kuliko iliyonayo. Mpango ukatoka safi, umechapwa, una sahihi yangu. Yule mzee akausoma ukurasa kwa ukurasa, kidole juu ya mstari, kisha akanipigia simu. "Mwaka jana tani mbili. Mwaka huu tani nne na nusu. Binti, kuku wangu wameanza kunya nini?" Nilicheka, halafu nikalia kidogo kwenye gari, halafu nikarudia mipango yote ya msimu ule, mmoja baada ya mwingine. Mpaka leo nikifungua karatasi ya maabara macho yanakwenda kwenye vipimo kabla ya namba.

Siku hizi mimi ni mkaguzi zaidi kuliko mshauri. Nafika shambani, naomba mpango wa sasa, vipimo vya udongo visivyozidi miaka mitatu, uchambuzi wa samadi, na kumbukumbu za kilichowekwa kila shamba, lini na kiasi gani. Kisha tunatoka nje kuangalia. Anayerusha mbolea kwa mashine aache futi 35 kutoka kijitoni. Anayeielekeza chini kwenye mstari aache 10. Ng'ombe nao wakae futi 10 kutoka kwenye maji.

Fomu usiitoe dakika kumi za mwanzo. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko yote, na haukuandikwa kwenye mwongozo wowote niliopewa. Kuna mkulima mmoja, nafaka na kuku, alinipokea barazani huku mikono imekunjwa kifuani. Alitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akauliza hiyo lafudhi ni ya wapi. Tanzania. Mnalima nini? Mahindi, nikamwambia, kama wewe. Ekari inatoa ngapi? Hapo nikageuza bahasha, nikamwandikia: mkulima mzuri wa Mbozi niliyemfahamu alipata magunia 15 ya kilo 100, hiyo ni kama busheli 59. Nikamweleza na kizibo cha soda. Alinyamaza, akaitazama bahasha, akasema kwa mbolea kiasi hicho, jembe la mkono, huyo mtu anajua kulima. Kisha akaingia ndani akarudi na kumbukumbu zake. Zilikuwa kwenye boksi la viatu, risiti za miaka minne zimechanganyika, na tulizipanga pamoja mezani jikoni hadi saa saba mchana. Kasoro zilikuwepo, na niliziandika zote. Lakini aliniambia mwenyewe shamba lipi alikosea, kabla sijauliza.

Na mkishamaliza, yaliyo kwenye boksi lile yabaki kwake. Sheria ya hapa inalinda utambulisho wa mkulima na mpango wake. Hata bila sheria, jirani atakuuliza kwa kuzungukazunguka, "Yule bwana wa kule ng'ambo naye umemkuta vipi?" Jibu kuhusu mvua. Vijiji ni vijiji, hata vikiwa na lami.

Kwenye mabanda ya kuku kuna adabu nyingine. Mwaka 2022 mafua ya ndege yaliingia rasi hii ya mashariki mwa ghuba, na tangu hapo hakuna anayefanya utani. Funika viatu kwa plastiki, nyunyiza dawa kwenye matairi, usitoke banda la huyu ukaingia la yule siku hiyohiyo. Ukiweza kumalizana na mkulima ofisini kwake bila kukanyaga banda, malizana naye huko.

Udongo unauchukua mwenyewe au unamfundisha mwenye shamba, na watu wengi hawachukui vizuri. Chota sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha inchi 8, ruka mahali lundo la samadi lilipokaa, changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati itakuongezea zinki ambayo shamba halina. SUA nilifundishwa hivyohivyo, na ninafurahi kila nikikuta Mmarekani ameshika ndoo ya bati, Mungu anisamehe.

Mwaka wa kazi una sura yake. Kuanzia tarehe 16 Desemba hadi mwisho wa Februari hairuhusiwi kumwaga samadi shambani, maana ardhi imeganda na zao halipo la kuila. Tarehe 1 Machi kila mkulima anatakiwa awe amepeleka ripoti yake ya mwaka, kwa hiyo wiki mbili za mwisho za Februari simu haipoi. Vuli wanapanda ngano au shayiri ya kufunika udongo, ikamate naitrojeni iliyobaki, na jimbo linawalipa kwa hilo. Ukiwa mkaguzi, hiyo ndiyo sehemu tamu: siku moja angalau unapeleka habari ya hela.

Sasa, kuipata. Vyeti vya nyumbani vipeleke kwa taasisi inayotathmini vyeti vya nje, usisubiri tangazo. Fanya mtihani wa ushauri wa mazao, ule wa CCA, na mtihani wa jimbo lako wa mipango ya virutubisho. Mimi nilijifunza ya hapa kwa kuandika mipango kwanza, ndipo nikaja kukagua ya wengine, na nashauri njia hiyo. Kwenye maombi ya serikali, anayekuchuja mara ya kwanza si mtu wa kilimo. Anatazama kama maneno ya tangazo yamo kwenye fomu yako. Tangazo likisema "miaka miwili ya kuchukua sampuli za udongo", andika maneno hayohayo, na saa ngapi kwa wiki. Unyenyekevu wetu wa "nilisaidia kidogo" hauna faida hapo. Leseni ya udereva ni lazima. Viza: mimi nilikuwa tayari nina kadi ya kijani, na tangazo usome hadi mstari wa mwisho kabla ya kujipa matumaini.

Mshahara huwa umeandikwa wazi kwenye tangazo, hauna mjadala mrefu. Walionizidi kwa mbali ni wenzangu waliokwenda kwenye kampuni za mbolea na mbegu. Mimi nina bima, pensheni, na sina kiwango cha mauzo cha kufikisha mwisho wa mwezi. Siwezi kumwambia mtu apunguze mbolea asubuhi halafu jioni niwe namuuzia.

Mabuti nunua yako mwenyewe, saizi moja zaidi, ya soksi mbili. Ya ofisi yatakuja Aprili, matope ya Machi yakiwa yameshakauka.