Mkuu usiweke hiyo sheria ya "futa", kuzuia spamu hakufanywi hivyo

Usibonyeze hifadhi kwanza. Nimesoma swali lako, unasema spamu zimekuzidi kwenye imeli ya kazini na unataka kuweka sheria tatu: chochote kinachoonekana spamu kifutwe papo hapo usikione kabisa, kila mtu asiyekuwemo kwenye orodha yako arudishiwe ujumbe wa kumtaka athibitishe kwamba ni binadamu, na hao wengine uwabloku mmoja mmoja. Halafu unauliza ipi bora. Hiyo sheria ya kwanza ndo imenifanya niache kazi zangu nije kuandika, maana ndo hiyohiyo tuliwekewa ofisini na ikatutafuna.

Iko hivi. Tulikuwa na seva yetu wenyewe ya imeli na kuchuja tulikuwa tunatumia SpamAssassin. Hii programu kila imeli inayoingia inaipa alama kutokana na vitu vingi vidogovidogo, maneno yaliyomo, jinsi ilivyoundwa, seva iliyoileta, kama domeni ya mtumaji (yale maneno baada ya @) inaitambua hiyo seva, na mambo kama hayo. Alama zikijumlishwa zikafika kiwango ulichoweka basi hiyo inahesabiwa spamu. Kiwango inachokuja nacho ni 5. Spamu zikawa bado zinapenya, watu wakalalamika, akaitwa jamaa anayejitambulisha kama mtaalamu wa seva. Akashusha 5 ikawa 3, na akaamuru kila kinachofika 3 kitupwe, hakuna folda, hakuna taarifa kwa mtumaji, hakuna chochote. Akaulizwa palepale, je ikiwa ni barua ya kweli? Akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba imeli ya mtu wa maana haiwezi kufika alama 3. Mwanzoni kila mtu anamsifu, inboksi imetulia, hakuna dawa za kupunguza unene wala urithi wa mtu usiyemjua.

Sasa kulikuwa na mteja tuliyekuwa tunamfuatilia kwa muda mrefu, kazi kubwa. Akakubali, akatuma mkataba kwa imeli, tusaini turudishe kabla ya tarehe fulani. Sikiliza imeli yake ilivyokuwa. Aliituma kwenye anwani yetu ya zamani, ambayo ilikuwa inafowadi kuja kwenye mpya, kwa hiyo ilipofika kwetu ilikuwa inaletwa na seva ambayo haimo kwenye orodha ya SPF ya domeni yake (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la hiyo domeni), na hapo SPF ikafeli. Hiyo sio kosa la mteja, SPF ndo ilivyo, inaangalia seva iliyoleta imeli, na ukifowadi kawaida inavunjika. Kichwa cha habari kaandika chote kwa herufi kubwa kwa sababu ana haraka. Programu yake inatuma HTML tupu (imeli iliyopambwa kama ukurasa wa wavuti) bila nakala ya maandishi ya kawaida, na juu kuna nembo kubwa ya kampuni huku maneno yenyewe mistari miwili. Kila kimoja hapo kina alama zake kidogo, hakuna hata kimoja kinachomfanya mtu awe tapeli, ila ukivijumlisha vinapita 3 bila shida. Mkataba ukatupwa.

Mteja anasubiri. Sisi tunasubiri. Sisi tunaona hajaamua, yeye anaona tumemdharau. Tulipokuja kumpigia simu kazi keshampa mtu mwingine, na alikuwa na hasira, akasema nilituma na haikurudi. Na alikuwa sahihi kabisa! Seva yake ilipoileta ile imeli, seva yetu ilijibu 250, maana yake imepokelewa. Kwa taratibu za SMTP, yaani lugha ambayo seva zinapelekeana imeli (ipo wazi kwenye waraka wake rasmi, RFC 5321 ya mwaka 2008), seva ikishajibu 250 imebeba dhamana, ama iifikishe hiyo imeli ama imwambie mtumaji kwamba imeshindikana. Yetu ilikuwa kama karani anayesaini daftari kwamba barua amepokea, mleta barua akigeuka tu anaitupa jalalani. Tulipofungua logi (kumbukumbu) za seva tukaikuta pale, saa iliyofika, alama ilizopewa, na neno moja kwamba imetupwa. Barua yenyewe haipo tena popote. Na tulipoendelea kusoma logi za nyuma tukakuta si hiyo peke yake, kuna ankara, kuna maombi ya kazi, kuna watu walioandika mara kwa mara wakakata tamaa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule jamaa alikuwa anatoza hela kwa kitu ambacho hajawahi kukisoma. Maelezo ya SpamAssassin yenyewe yanasema 5 tayari ni kali, inamfaa mtu mmoja kwenye imeli yake mwenyewe, na anayehudumia watu wengi apandishe mpaka 8 au 10. Pandishe! Yeye akashusha. Na yanasema pia haishauriwi kufuta moja kwa moja zilizohesabiwa spamu. Imeandikwa pale, bure, kila mtu anaweza kusoma. Nikiona mtu mwingine kwenye video anakufundisha "weka delete, maisha yawe rahisi" damu inachemka. Najua kuna mtu atakuja hapa chini kusema natia chumvi, kwamba yeye anafuta na hajawahi kupoteza kitu. Mkuu, umejuaje hujapoteza? Ulichofuta hukioni.

Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua, isifute kimyakimya. Una nafasi mbili tu za halali. Ya kwanza ni kukataa mlangoni, yaani seva yako ijibu 550, maana yake siipokei, wakati mtumaji bado yuko kwenye laini, hapo seva yake yeye ndo inamwandikia kwamba imeli yako imekataliwa na sababu ni hii, kama ni mtu wa kweli atapiga simu au atatumia njia nyingine. Ya pili ni kuweka kwenye folda ya spamu. Ukiwa na seva yako tumia zote mbili, zile zenye alama za juu sana zikatae kwa 550, za katikati zipeleke kwenye folda. Ukiwa na imeli ya kampuni kubwa kama Gmail kukataa mlangoni sio kazi yako, wewe unabaki na folda, na ona hata wao pamoja na mashine zote walizonazo, wakishasema hii ni spamu wanaiacha kwenye folda siku 30 ndo inafutwa. Folda nayo ina ubaya wake, mtumaji hajui kwamba yuko huko, kwa hiyo lazima mtu aipitie, na ukiwa unasubiri barua kutoka kwa mtu fulani tafuta jina lake mpaka humo.

Hiyo sheria yako ya pili ya kumrudishia kila mgeni ujumbe athibitishe. Spamu nyingi zina anwani ya mtumaji ya uongo, mara nyingi wameiba ya mtu asiyejua chochote. Kwa hiyo huyo unayemwandikia "thibitisha" ni mtu wa watu ambaye hajakutumia kitu, anaamka anakuta mamia ya hizo jumbe, na seva yako inaweza kuingizwa kwenye orodha nyeusi kwa kuwasumbua watu. Na mashine hazitathibitisha. Namba ya kuingia benki, tiketi, risiti, ujumbe wa kubadilisha paswedi, vyote hivyo vinatumwa na mifumo ambayo hakuna mtu anayesoma majibu. Na ukikutana na mwenzako mwenye mfumo kama huo, wako unamsubiri wake, wake unamsubiri wako, hakuna barua inayotoka.

Kubloku mmoja mmoja kunasaidia kwa mtu halisi anayekusumbua na anwani yake ileile. Kwa spamu ni kazi bure, SMTP ilipoandikwa mwaka 1982 haikuweka namna ya kuhakiki mtumaji, kwa hiyo kesho wanakuja na jina jingine.

Orodha nyeusi za anwani za IP (namba za mtandao za seva zinazojulikana kwa kutuma spamu), kama ya shirika la Spamhaus, ni nzuri kweli kwa mwenye seva, zinazuia mzigo mkubwa kabla hata imeli yenyewe haijapokelewa. Ila ujue unamkabidhi mtu mwingine ufunguo. Kulikuwa na orodha inaitwa ORDB, ilifungwa Desemba 2006, lakini seva nyingi zikaendelea kuiuliza tu kwa sababu hakuna aliyeenda kuitoa kwenye setingi. Machi 2008 ikaanza kujibu "ndiyo, yumo" kwa kila anwani duniani. Sasa fikiria. Aliyekuwa anakataa kwa 550, watumaji wake walirudishiwa imeli zao wakaona kuna tatizo wakamtafuta. Aliyekuwa anatupa kimyakimya, inboksi yake ilikuwa tupu na hakuna wa kumwambia.

Zile filta zinazojifunza, za Bayes, yaani zinazokadiria kutokana na maneno ya imeli ulizozionyesha, ambazo mwandishi wa programu Paul Graham alizipa umaarufu mwaka 2002, mimi ndo nazipenda kuliko zote kwa sababu zinajua imeli ZAKO zinafananaje. Ila zinataka kufundishwa pande zote mbili, ya SpamAssassin haianzi hata kufanya kazi mpaka ione spamu 200 na imeli halali 200. Na hapo tena unarudi kulekule, filta ikikosea lazima uione imeli iliyokosewa ndo uirudishe iseme kumbe hii ni nzuri. Ukiwa unafuta, utairekebisha na nini? Itakosea hivyohivyo milele na wewe unaamini inafanya kazi.

Greylisting, ile ya kumjibu mtumaji mgeni 451 kwamba jaribu tena baadaye kwa kuwa mashine nyingi za spamu hazirudi, haifuti kitu kwa hiyo sina ugomvi nayo, ubaya wake ni namba za kuthibitisha zinachelewa mpaka zinaisha muda. SPF, DKIM (sahihi ya kidijitali ya domeni kwenye imeli) na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike hizo mbili zikifeli) ziwekwe kwenye domeni yenu, Google na Yahoo tangu Februari 2024 wanazidai kwa anayetuma imeli kwa wingi, Google wakihesabu kuanzia kama 5,000 kwa siku, lakini zinakuonyesha imeli imetoka kwa nani, hazikuambii kama huyo mtu ni mwema, tapeli naye ananunua domeni na kuziweka vizuri tu.

Sasa hivi fungua ile sheria uliyoandika, pale palipoandikwa "futa" badilisha iwe "hamishia kwenye folda". Kama ulishaiwasha, nenda kwenye folda ya vilivyofutwa leo hii kabla haijajisafisha yenyewe, na wapigie watu unaosubiri majibu yao. Halafu rudi utuambie seva ni ya kwenu au mmekodi, maana kama mmekodi kuna setingi za kufuta ambazo wenye seva wanaweza kuwa wamewawekea bila kuwaambia, na hiyo ni ya kuwauliza kwa maandishi.