Mnalilia Kiti, Kilichoondoka ni Meza: Majibu ya Barua Zenu

Barua zimejaa, na zaidi ya nusu zinaimba wimbo mmoja: tangu mabaraza ya miji ya Kenya yavunjwe na kaunti kuingia mwaka 2013, kwetu hatuna mtu, tuongezewe wadi. Nimezitoa chache. Wale mlioniuliza tena mshahara wa MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti anayechaguliwa na wadi, hilo nimelijibu mara tatu. Sirudii.

Kabla ya kaunti, Malindi tulikuwa na manispaa, meya na madiwani wetu. Leo mji una wadi ya Malindi Mjini na ya Shella, basi. Tunapataje wadi ya tatu? – Mkaazi, Malindi

Chukua kalamu tuhesabu. Eneo bunge la Malindi lina wadi tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Kaunti nzima ya Kilifi ina 35. Mkiongezewa ya sita mtakuwa sita kati ya 36. Siku ya kupitisha bajeti, sita hao watakaa upande mmoja na thelathini upande wa pili, na utaniambia nani alirudi nyumbani na barabara.

Mlichokuwa nacho zamani hakikuwa kiti. Kilikuwa ni meza nzima. Baraza lilikaa hapo hapo mjini, likapanga ada ya soko, likatoza kodi ya ardhi, likaandika bajeti yake, na diwani akitoka kikaoni alikutana uso kwa uso na muuza samaki aliyempandishia ada. Sisemi mabaraza yalikuwa ya malaika. Nchini kote yalikuwa 175, na mengi yalijulikana kwa takataka zisizozolewa na wafanyakazi wasiolipwa kwa wakati. Meya mwenyewe alichaguliwa na madiwani wenzake, si na mwananchi. Lakini ukitaka kumgombeza mtu, ulijua mlango wa kugonga.

Yalipounganishwa na kuwa kaunti 47, mamlaka yale yalipanda hadi kwa gavana na bunge la kaunti. Miji ikarudishiwa kitu kinachoitwa bodi ya manispaa, chini ya sheria ya maeneo ya miji na majiji ya mwaka 2011. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2019, kiwango cha kuwa manispaa kikashushwa hadi watu 50,000, na kila gavana akapata miji ya kuitangaza kwa mbwembwe. Bodi ina watu tisa. Wanaingia kwa kuteuliwa na kupendekezwa, si kwa sanduku la kura. Jina limerudi, manispaa, bango limerudi, na mwenye mji hakurudi.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Malindi, ombeni wadi ya tatu mkitaka. Ila mngekuwa mnanisikiza, hasira hiyo mngeipeleka kwenye bodi: wajumbe wake wapigiwe kura, na ada zinazokusanywa mjini zipitie mikononi mwao kabla ya kwenda Kilifi. Hilo halingoji tume ya uchaguzi na mipaka. Linangoja Bunge lirekebishe sheria moja ya kawaida.

Kwani tume haiwezi tu kutuongezea wadi moja ndogo? – Mariakani

Hapana. Sheria iliweka wadi 1,450 nchi nzima. Ukipewa wewe moja, kuna mwenzako aliyenyang'anywa, mpaka Bunge liibadilishe hiyo idadi.

Kwale tunawazidi Taita Taveta kwa watu zaidi ya mara mbili, lakini wadi zetu ni ishirini na zao ni ishirini. Haki iko wapi? – Mwalimu, Kinango

Hili ndilo swali la mwezi, mwalimu, na laiti wote wangeuliza hivi, kwa hesabu badala ya machozi.

Sensa ya 2019 iliipa Kwale watu 866,820. Gawanya kwa wadi 20, kila MCA anabeba zaidi ya watu 43,000. Taita Taveta ina watu 340,671. Gawanya kwa 20 hizo hizo, unapata 17,000. Mombasa kila wadi ina kama 40,000, Kilifi 41,500, Tana River 21,000, na Lamu, yenye watu 143,920 na wadi kumi, iko kwenye 14,400. Wastani wa nchi ni kama 32,800. Kwa maneno mengine, kura moja ya Mwatate, Taita Taveta, ina uzito wa kura mbili na nusu za Kinango, Kwale.

Imekuwaje? Wadi za 2012 zilikatwa ndani ya maeneo bunge, kama tano kwa kila eneo bunge, kwa sababu 290 mara tano ni 1,450. Aliyekuwa na maeneo bunge mengi alipata wadi nyingi. Na maeneo bunge ya zamani yalilindwa: katiba ya 2010, katika vifungu vyake vya mpito, ilisema mapitio ya kwanza yasimfutie mtu eneo bunge lililokuwepo. Taita Taveta ikabaki na manne yake, Lamu na mawili yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi wa Lamu mnaoniandikia kwa raha zenu mkitaka eneo bunge la tatu. Ulinzi ule ulikuwa wa mara ya kwanza tu. Mapitio yajayo hayana huruma hiyo. Chukua watu wote wa sensa ya 2019, 47,564,296, wagawe kwa maeneo bunge 290, unapata mgawo wa watu 164,015. Katiba inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache. Hata ukihesabiwa kwa upole huo wa asilimia 40, eneo bunge halitakiwi kushuka chini ya watu 98,409. Lamu nzima, Mashariki na Magharibi pamoja, haifiki mgawo mmoja. Lamu Mashariki peke yake ina watu 22,000 na kidogo. Taita Taveta wastani wa maeneo bunge yake manne ni 85,000. Kwale nayo wastani wake ni 216,705, na mpaka wa juu wa asilimia 30 ni kama 213,000. Kwa hiyo mwalimu wa Kinango hadai fadhila, anadai kilichoandikwa.

Je, nataka Lamu ifutwe? Hapana, na nina sababu. Nenda Basuba, moja ya wadi tatu za Lamu Mashariki. Ndiyo wadi ya Waboni: Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe, vijiji vya msituni ambavyo kwa miaka vimeishi kati ya doria za jeshi na al-Shabaab. Wameze ndani ya wadi kubwa ya Faza au Kiunga, na hakuna Mboni atakayeingia tena bunge la kaunti kwa kura. Katiba yenyewe inaitaka tume iangalie jiografia, jamii yenye maslahi na historia moja, na njia za mawasiliano, si vichwa peke yake. Mombasa MCA hodari anaizunguka wadi yake kwa bodaboda kabla ya adhuhuri. Wa Tana River anatafuta mafuta ya gari kwanza.

Msimamo wangu ni huu, na najua nitachukiwa Wundanyi: Kwale na Kilifi waongezewe wadi, Basuba isiguswe, na Taita Taveta wajiandae kutoa maelezo, maana watu 17,000 kwa wadi katika kaunti yenye barabara ya lami na reli si jambo la kutetea kwa neno "mila".

BBI ingetupa maeneo bunge zaidi. Nyinyi waandishi mliipinga, sasa mnalia nini? – Likoni

BBI, ule mswada wa kurekebisha katiba, mimi sikuipinga yote. Nilipinga namna. Viti 70 vipya vilichomekwa kwenye jedwali nyuma ya mswada, vikagawiwa kaunti 28, na mwananchi hakuulizwa kwa nini ile inapata na hii inakosa. Mahakama ya Upeo ilipotoa hukumu tarehe 31 Machi 2022, hilo la ushirikishwaji wa umma katika viti vile 70 ni mojawapo ya yaliyouzamisha mswada. Mgawo wa mipaka unaoandikwa na wanasiasa usiku unaweza kukupa leo na kukunyima kesho kwa kalamu ile ile.

Huku Toronto miji ilipounganishwa, eneo letu la East York lililia likaongezewa diwani. Kwa nini nyumbani isiwezekane? – Mswahili wa Kanada

Umeuliza vyema, ila umeisimulia nusu. Miji sita, Toronto ya zamani, North York, Scarborough, Etobicoke, York na East York, iliunganishwa tarehe 1 Januari 1998 kwa sheria ya jimbo la Ontario. Wakaazi walikuwa wameipinga waziwazi kwenye kura ya maoni ya Machi 1997. Jimbo likaendelea. East York, ndogo kuliko wote, ikapewa madiwani wawili tu, na baada ya malalamiko ikaongezewa wa tatu mwaka huo huo wa 1998.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka 2000 baraza likapunguzwa hadi madiwani 44. Mwaka 2018 ulikuwa umepangwa uchaguzi wa wadi 47, wagombea wako barabarani wanaomba kura, serikali ya jimbo ikazikata hadi 25. Jiji likaenda mahakamani hadi juu kabisa, na mwaka 2021 likashindwa kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwa sababu Kanada mji ni mtoto wa jimbo. Kiti cha East York kilikuja kwa hisani ya wakubwa na wakubwa hao hao walikuwa na uwezo wa kukiondoa.

Hapo ndipo sisi, kwa mara moja, tuna nafuu kuliko nyinyi wenye theluji. Mipaka yetu iko kwenye kifungu cha 89 cha katiba. Gavana hawezi kuzikata wadi katikati ya kampeni, na Rais hawezi pia. Tatizo letu ni kwamba tumepewa kufuli zuri halafu tukapoteza funguo.

Tumeambiwa wadi yetu mpya imeshapitishwa, kuna watu wanazunguka na fomu na wanachukua nambari za vitambulisho. Tujaze? – Mama, Magarini

Usijaze, mama. Wala usitoe shilingi.

Hakuna wadi iliyopitishwa. Mipaka ya sasa ilichapishwa Machi 2012. Katiba inataka maeneo bunge yapitiwe kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili, kwa hiyo muda ulimalizika Machi 2024. Wakati huo tume haikuwa na kamishna hata mmoja: wa mwisho waliondoka mwanzoni mwa 2023, na wapya hawakuapishwa mpaka Julai 2025. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na mapitio yakikamilika ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi, mipaka mipya haitumiki kwenye uchaguzi huo. Anayekuambia amekupatia wadi kwa fomu ya karatasi anatafuta nambari yako ya kitambulisho kwa kazi yake mwenyewe. Nambari hiyo inaweza kukuandikisha kwenye chama cha siasa usichokijua. Nimeliandika hili mara ngapi?

Si kuna MCA wa kuteuliwa? Kwa nini wasitupe mmoja wa kijiji chetu? – Kijana, Jomvu

Hao hutoka kwenye orodha za vyama, kuziba pengo la jinsia na kuwakilisha vijana, walemavu na makundi yaliyosahaulika. Hawana wadi. Na wengi wao, tuseme ukweli, wanamwakilisha aliyewaandika kwenye orodha.

Basi tukae tu tukingoja? – Wazee wa Ganda

Hapana, wazee wangu. Kuna kitu kimelala kwenye sheria ya serikali za kaunti ya 2012 na hakuna anayekigombania kwa sababu hakina gari la serikali. Kaunti inatakiwa kugawanywa hadi vijiji, kila kijiji kiwe na msimamizi na baraza la wazee, wasiopungua watatu wala kuzidi watano. Vijiji hivyo hukatwa na bunge la kaunti, si na tume ya mipaka. Hakuna hesabu ya 1,450 hapo, wala cha kungoja sensa. Mwandikieni MCA wenu barua, nakala kwa karani wa bunge la kaunti, muulize vijiji vya Ganda vimetangazwa vingapi na wazee wake ni akina nani. Mkipata jibu nitumieni, nitalichapisha kama lilivyo.

Na siku tume itakapochapisha mipaka kwenye gazeti rasmi la serikali, mna siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Mahakama nayo ina miezi mitatu ya kuamua. Mwaka 2012 walioamka mapema walisikizwa. Waliosubiri mkutano wa hadhara wakaambiwa muda umekwisha.

Wadi yetu inaitwa Shella na ya Malindi pia inaitwa Shella. Karatasi zetu zinapotea. Tume inaweza kubadilisha jina? – Shella, Lamu

Inaweza. Majina hupitiwa pamoja na mipaka. Ila waandikieni kwanza wenzenu wa Malindi muwaulize kama wako tayari kuliacha, mnitumie na jibu lao, nicheke.