Ujumbe uliofika Alhamisi

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kijana anafaidika nini akijua mapema kwamba amechaguliwa chuo?" Naomba nimjibie mama yake, maana kwetu aliyefaidika ni yeye.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka Julai, mdogo wangu aliomba vyuo vitatu. Siku hizi unaomba chuoni moja kwa moja. Sisi wa kabla ya 2017 tulipitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Alama zake zilikuwa za kawaida. Mama, kule Lushoto, akaingiwa na hofu kwamba mtoto atakosa, akasikia kuna chuo cha binafsi kinachopokea yeyote anayetanguliza nusu ya ada. Bila kutuambia akatafuta dalali amuuzie kipande cha shamba, kile cha bondeni chenye mipeasi aliyopanda marehemu baba. Mnunuzi angekuja Jumamosi na fedha mkononi.

Alhamisi jioni simu ya mdogo wangu ikalia. Amechaguliwa vyuo viwili, awamu ya kwanza ya udahili. Achague kimoja, athibitishe kwa namba ya siri aliyotumiwa. Akasoma kwa sauti. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakupiga kigelegele. "Soma tena, mwanangu, polepole." Akasomewa. "Una hakika hawajakosea namba?" Akasomewa mara ya tatu. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akateremka bondeni peke yake, na giza lile. Nilipomfuata nilimkuta ameshika shina la mpeasi, analia. Ndipo aliponiambia habari ya Jumamosi.

Kwa hiyo wanaosema kungoja kunamkomaza mtoto, mimi nasema hapana. Kungoja kulitaka kutuuzia shamba.

Lakini ninavyoandika namkumbuka kijana wa jirani, mwenye alama zilezile. Yeye alingoja hadi awamu ya tatu. Kila jioni alikuja kwetu kuulizia mambo ya mkopo, na mama akatukataza kutaja chuo mbele yake. Mama yake aliuza ng'ombe.

Sasa hilo neno "mapema" linanitatiza. Ningeulizwa mimi, wote wangejibiwa siku moja, hata kama ni mwishoni mwa Septemba. Najua waliochaguliwa vyuo viwili huacha nafasi, na nafasi lazima zijazwe, kwa hiyo pengine haiwezekani. Na najua kwa mpango huo ujumbe wetu usingefika Alhamisi ile, na mipeasi ya baba leo ingekuwa na mwenyewe mwingine.