Uliza Fundi: Gari linataka okteni ya juu, pampu ina super tu

Fundi, nina Subaru Impreza WRX STI ya 2006 iliyotoka Japani, haijaguswa kompyuta. Hapa Nairobi huwa naiwekea mafuta ya okteni ya juu pekee. Desemba tunaelekea Marsabit na nimeambiwa tukishapita Isiolo nisitegemee chochote ila super. Nikiiweka nitaua injini?
*Msomaji, Syokimau*

Hutaiua, mradi usiikanyage kama ulivyozoea. Super ya hapa Kenya hutakiwa kuwa na RON, yaani kipimo cha okteni, isiyopungua 93. Injini yako ilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa sheria ya huko haishuki chini ya 96 na mara nyingi pampuni huwa karibu 100. Hilo ndilo pengo unalopaswa kulifidia kwa mguu wako wa kulia.

Okteni haipimi nguvu ya petroli. Inapima jinsi petroli inavyostahimili kubanwa na kupata joto bila kujiwasha. Plagi huwasha mchanganyiko upande mmoja wa silinda, na moto ukisambaa, ule uliobaki pembeni huzidi kubanwa. Petroli isiyostahimili hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia, huko ndiko kugonga, ule mlio wa changarawe ndani ya kopo unaousikia ukipanda kilima. Kwenye injini za familia ya EJ, kama yako, mapigo hayo hukata kwanza zile kingo nyembamba za pistoni zilizo kati ya ringi. Baadaye oili huanza kupungua, moshi wa samawati hutoka, na kompreshani ya silinda moja huwa chini kuliko wenzake.

Sensa ya kugonga iliyofungwa kwenye bloku husikia mtetemo huo, na kompyuta huchelewesha cheche kwa digrii chache. Hiyo kinga ina bei yake. Nguvu hupungua, unywaji huongezeka, na moto mwingi zaidi huishia kwenye eksosi na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi. Isitoshe, sensa husikia kugonga ambako tayari kumeshatokea. Ukikanyaga hadi chini mara ishirini, pistoni imepigwa mara ishirini kabla ya kompyuta kunyoosha mambo.

Wengi hapa jijini hujifariji kwamba Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, kwa hiyo okteni ya chini inatosha. Kwa gari lisilo na tabo hoja hiyo ina uzito: kanieneo ya hewa hapa ni kama kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni 101, kwa hiyo silinda hujaa hewa kidogo na hubanwa kidogo. Tabo huiharibu hesabu hiyo. Inazunguka kwa kasi zaidi kufidia hewa nyepesi, na hewa inayotoka humo huwa ya moto zaidi. Kisha ukishuka kuelekea Laisamis, mwinuko unapungua na jua linazidi. Gari lililokuwa kimya Thika Road linaweza kuanza kugonga huko.

Panga safari hivi. Jaza tangi la mafuta ya okteni ya juu kwenye kituo cha mwisho chenye nayo, Nanyuki au Meru ikiwa utayapata. Usingoje taa ya tangi iwake ndipo utafute super. Ongeza mapema ili ichanganyike na yaliyomo, kwa sababu okteni za petroli mbili hukaribiana na wastani wa lita zake. Tuseme tangini zimebaki lita 25 za RON 97 nawe ukaongeza lita 15 za RON 93. Zidisha 25 kwa 97, jumlisha 15 mara 93, gawanya kwa 40: unapata kama 95.5. Weka lita za kukufikisha tu, usijaze, ili ukirudi kwenye mafuta mazuri nafasi iwepo.

Ukishaweka super, kosa kubwa si mwendo bali ni kuburuta gia kubwa. Gia ya tano, mizunguko 1,800, eksileta chini, lori mbele: hapo ndipo pistoni hukatika. Shuka hadi ya tatu, injini iwe kwenye mizunguko 3,000 hivi, na eksileta isizidi nusu. Msukumo wa tabo ukianza kupanda, legeza. Kabla ya safari safisha mapezi ya kipoza hewa cha tabo kilicho chini ya boneti, na hakikisha rejeta imejaa. Ukitoka kwenye foleni ndefu, acha gari litembee kwa upole dakika chache. Kile kipoza hewa huwa kimeiva kwa joto la injini.

Ikiwa una kifaa cha kusoma kompyuta, angalia masahihisho ya kugonga. Digrii moja au mbili za kurudi nyuma, mara moja moja, si neno. Zikifika nne na kurudia kila ukipanda, punguza mguu. Angalia pia IAM, namba inayoonyesha jinsi kompyuta inavyoiamini petroli: ikiwa imeshuka kutoka 1 (au 16 kwa kompyuta za zamani), kompyuta imeshaamua kwamba petroli haifai.

Kwa wenye magari yaliyofanyiwa tuni, yaani kompyuta imepangwa upya, sahau nusu ya niliyosema. Kuna mafundi hupunguza usikivu wa sensa ili gari lisichelewe. Tuni ya RON 98 ikipewa 93 haina wa kuitetea. Mwambie aliyeitengeneza akuwekee tuni ya pili yenye msukumo mdogo na cheche iliyorudishwa nyuma, la sivyo liache gari nyumbani.

Nina Golf GTI. Kitabu nilichopakua intaneti kinasema 91, na super yetu ni 93. Kwa nini basi mafundi wananiambia nitafute mafuta ghali?
*Msomaji, Kilimani*

Kwa sababu kitabu chako ni cha Marekani. Namba ya pampu za huko ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON, na MON siku zote huwa chini. Ile 91 yao ni sawa na RON 95 au 96. Super yetu kwa hesabu yao ingekuwa kama 88 au 89. Fungua kifuniko cha tangi: gari lililoingia kutoka Uingereza lina kibandiko cha RON, na hicho ndicho cha kufuata.

Lakini kwa GTI kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko okteni. Injini yenye tabo inayonyunyiza petroli moja kwa moja silindani inaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche, kwenye mizunguko ya chini chini ya mzigo mkubwa. Kinachochangia ni matone ya oili yanayotoka kwenye ringi. Kuchelewesha cheche hakusaidii, maana moto haukuisubiri cheche. Tumia oili yenye kibali cha VW kinachotajwa kitabuni, kama 502 00 au 504 00, badilisha kwa wakati, na usikanyage eksileta hadi mwisho injini ikiwa chini ya mizunguko 2,000.

Pale Kirinyaga Road kuna chupa za dawa ya kuongeza okteni, zimeandikwa "pointi 3". Ninunue mbili nibebe safarini?
*Msomaji, Rongai*

Kwenye chupa nyingi, "pointi" moja ni sehemu ya kumi ya okteni. Pointi 3 zitakutoa 93 hadi 93.3. Zenye nguvu kweli mara nyingi huwa na manganizi, ambayo huacha utando wa rangi ya kutu kwenye plagi na kufunika sensa ya oksijeni. Chupa moja kwa dharura haitaua gari. Kuizoea ndiko kubaya. Na yule anayekushauri utie dawa ya nondo tangini, mwache. Chembe zake huyeyuka petroli ikiwa na joto, kisha hujikusanya tena ikipoa, na nozeli ndizo hulipa.

Vitz yangu ya 1,300cc itapata nguvu nikiiwekea V-Power?
*Msomaji, Kasarani*

Kwa okteni, hapana. Ilitengenezwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani, ambayo hutakiwa kuwa na RON 89 tu. Super imeshapita hapo. Peleka hizo pesa kwenye plagi na chujio la hewa. Na usidanganywe na jina: kuna mafuta ghali ambayo ni super iliyotiwa dawa ya kusafisha nozeli, bila okteni zaidi. Uliza namba ya RON. Mhudumu asipoijua, muulize msimamizi.

Mark X yangu ya 2.5 imetumia super miaka yote bila kelele. Wiki jana nilijaza kituo nisichokizoea, sasa inagonga kila nikikanyaga kupanda Ngong. Super imeharibika?
*Msomaji, Karen*

Injini hiyo hubana mara 12 kwa moja, na kwenye Mark X za kizazi cha kwanza inataka okteni ya juu. Kama lako ni la kizazi hicho, huenda hewa nyepesi ya huku ndiyo imekuwa ikikusitiri. Mabadiliko ya ghafla baada ya kujaza mara moja yananifanya nishuku mafuta ya taa, ambayo okteni yake ni duni sana. Ni ujanja wa zamani, na ndio uliofanya serikali mwaka 2018 itoze mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita.

Dondosha matone machache ya petroli kwenye karatasi nyeupe. Safi hukauka upesi bila alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Jaribio hili si la maabara, lakini doa likibaki, usiendeshe. Fundi afungue pampu ya tangi iliyo chini ya kiti cha nyuma, anyonye yote kwenye jerikeni za chuma, mbali na moto, kisha mjaze upya. Hifadhi risiti na uripoti EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli.

Karatasi ikiwa safi, jaza mahali pengine mara mbili. Ikiendelea kugonga, petroli haina hatia: pima joto la injini, angalia plagi kama ni za namba iliyoagizwa, safisha sensa ya hewa. Zote zikiwa sawa, kagua kaboni kwenye vali za kuingizia hewa, kwa kuwa injini hii hunyunyiza petroli ndani ya silinda na vali hizo haziogeshwi nayo kamwe.