Maswali ya Karakana: Msumeno wa Pembe wa Betri na Mbao Zetu

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya vanishi na gundi, kwa kuwa barua tatu zimefika zikiuliza jambo moja kwa njia tofauti: msumeno wa kukatia pembe unaotumia betri, yaani ule wa meza inayozunguka na diski inayoshushwa kwa mkono. Nazijibu kwa pamoja.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa dari na milango, naishi Soweto, Moshi. Kazi zangu nyingi ziko juu, Kibosho na Uru, kwenye nyumba ambazo bado hazijavutiwa umeme, na mpaka leo napandisha jenereta kwa pikipiki pamoja na msumeno wa waya, yaani ule wa kuchomeka kwenye umeme. Ninazo betri mbili za volti 18 na ampea-saa 5 ninazotumia kwenye drili. Dukani nimeonyeshwa misumeno mitatu inayopokea betri hizo: mdogo wa diski ya milimita 165 unaotumia betri moja, wa kati wa milimita 190 wenye reli za kuteleza unaotumia betri mbili kwa pamoja, na mkubwa wa milimita 305, nao wa betri mbili. Upi una nguvu ya kunitosha, na betri zitanifikisha wapi kabla sijalazimika kushuka mjini kuchaji?
Fundi wa Dari, Moshi

JIBU: Marahaba, fundi. Kabla ya volti tuzungumzie mbao, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hujikwaa. Maelezo ya misumeno hii mara nyingi huandikwa kwa kufikiria mbao za nje. "Mbili kwa nne" ya Marekani, ikishakaushwa na kupigwa randa, hubaki na milimita 38 kwa 89 tu. Mbili kwa nne yetu ya paini, inayoshushwa kwenye lori ikiwa bado na unyevu, inakaribia inchi zenyewe, yaani milimita 50 kwa 100, na kama msumeno wa kupasulia uliyumba utakuta upande mmoja una milimita 54 na wa pili 48. Msumeno unaosifiwa kwa kukata mbili kwa nne Chicago unaweza kukwama Kiboriloni, Moshi, na muuzaji asiwe amekudanganya hata neno moja.

Kumbuka pia kwamba kina cha mkato hakifiki nusu ya kipenyo cha diski, maana katikati pana kola, nati na mwili wa mashine. Diski ya 165 hukupa karibu milimita 45, ya 190 hukupa zaidi kidogo ya 50, na ya 305 hukupa 100 hivi. Ukiilaza diski kwa nyuzi 45 kina hupungua hadi saba ya kumi, kwa hiyo milimita 52 zinakuwa 36. Ukizungusha meza kwa nyuzi 45 badala ya kuilaza diski, kina kinabaki vilevile ila upana ndio unaopungua kwa kiasi hicho: ubao wa milimita 300 uliokuwa unapita wote sasa unaishia 210. Kwa hesabu hiyo tu, msumeno wa 165 umeshatoka. Ni chombo kizuri kwa mikanda ya dari na skatingi, lakini siku utakapoambiwa ukate papi nene utaazima msumeno wa mkono.

Sasa nguvu. Wati ni volti mara ampea. Betri moja ya volti 18 ikitoa ampea 40 wakati diski imeelemewa inakupa wati 720, na hapo sijaondoa kinachopotea kwa joto. Betri mbili zikiungwa moja nyuma ya nyingine zinakuwa volti 36, na kwa ampea zilezile 40 unapata wati 1,440. Huko ndiko kwenye ujirani wa msumeno wa waya wa wati 1,600 unaobeba sasa. Hakikisha mota ni ile isiyotumia brashi za kaboni, kwa kuwa hupoteza umeme kidogo na huna cha kubadilisha kila baada ya miezi kadhaa.

Utauliza: kama wa 190 na wa 305 wote wanakunywa kwenye betri mbili zilezile, kwa nini nisichukue mkubwa? Jibu liko kwenye urefu wa mkono. Jino la diski ya 305 liko milimita 152 kutoka kwenye mhimili, la diski ya 190 liko milimita 95. Ubao ukilishika jino kwa ukaidi uleule, mota ya diski kubwa inatakiwa kuzungusha kwa nguvu mara 1.6. Watengenezaji hurekebisha hilo kwa gia, na mashine hizo hukata vizuri, lakini hukata vizuri zikiwa na betri kubwa na zilizojaa, na baadhi yake zina uzito unaokaribia kilo 30. Wewe unapanda Kibosho kwa pikipiki.

Kuhusu muda, usimuulize muuzaji "inakaa saa ngapi", kwa sababu msumeno huu haufanyi kazi mfululizo kama feni. Hesabu mikato. Betri zako mbili zina volti 18 mara ampea-saa 5 mara mbili, yaani wati-saa 180, ndiyo akiba yote ya umeme uliyobeba. Tuseme unakata fishabodi ya paini, ule ubao wa ukingo wa paa, mashine inavuta wati 900 kwa sekunde 4: hiyo ni wati-saa moja kamili. Ukitoa hasara za hapa na pale, mikato 140 au 150 ni matarajio ya haki. Geuza sasa uchukue mninga mkavu wa inchi mbili kwa sita kwa ajili ya fremu ya mlango, mashine ivute wati 1,200 kwa sekunde 9, na kila mkato umekula wati-saa 3. Hapo usitegemee kuvuka 55. Hizi ni hesabu za mfano, si ahadi ya kiwanda, lakini zinakuonyesha kwamba betri ileile inaweza kumaliza dari ya sebule na vyumba vitatu, au ikaishia kwenye milango michache.

Kuna ulaji mwingine ambao mafundi hawauoni, nao ni kuiamsha diski. Diski ya 305 yenye uzito wa kilo moja, kuifikisha mizunguko 4,000 kwa dakika, hula zaidi ya robo ya wati-saa kabla haijagusa ubao, na ukiachia kitufe breki inaua nguvu hiyo yote. Diski nyepesi ya 190 haifikishi hata sehemu ya kumi ya wati-saa. Ndiyo sababu fundi anayepima kipande, akakata, akapanda ngazi, akashuka, akapima tena, humaliza betri mapema kuliko aliyeandika vipimo vyote kwenye ubao, akakata vya urefu mmoja kwa mkupuo.

Diski yenyewe nayo ni sehemu ya betri, ukinielewa. Diski ya kawaida hufungua njia ya milimita 2.6, nyembamba hufungua 1.8. Hiyo ni karibu theluthi ya mbao ambayo mota haikulazimika kuigeuza kuwa unga. Kwa mbao za kenchi meno 24 yanatosha. Kwa mikanda ya dari inayoonekana chukua 40 hadi 60, na ukubali kwamba meno mengi hukata polepole zaidi.

Ukiwa kwenye mninga, sikiliza. Mashine iliyoshiba hupiga mluzi wa juu. Ukiilazimisha, mluzi unashuka kuwa mngurumo, unga unaotoka unageuka vumbi jeusi kidogo, na pua inapata harufu kama ya kahawa iliyosahaulika kwenye kikaango. Ukiendelea kusukuma, taa ya betri inamulika mara mbili tatu na mashine inajizima yenyewe. Haijaharibika, imejilinda. Nyanyua mkono, acha betri zipoe kivulini, kisha urudi kwa kusukuma nusu ya ulivyosukuma mwanzo. Na betri zote mbili ziwe zimejazwa sawasawa, kwa kuwa mashine husimama pale ile dhaifu inapokwisha, hata kama mwenzake bado ana nusu.

Kwa hiyo nunua wa 190, tena ununue mashine tupu bila betri wala chaja, kwa kuwa unavyo tayari. Ukibahatika kukuta wa 216 unaopokea betri hizohizo, huo ni bora zaidi kwa mbao zetu, maana kina chake cha milimita 60 na ushee hakikubani kwenye mbao zilizopasuliwa ovyo. Ongeza betri mbili baadaye. Jenereta usiliuze: liweke la kulishia chaja, ambayo ikiwa ya haraka hujaza betri ya ampea-saa 5 kwa dakika 45 hivi. Jenereta la petroli hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na nadhani ulishaona jinsi linavyokohoa huko juu ukiliwashia msumeno wa waya. Chaja hailisumbui. Fanya uamuzi kabla ya Novemba, kwa sababu Desemba wenye nyumba wanarudi nyumbani, na hakuna hata mmoja wao atakayekubali kula Krismasi chini ya dari isiyokwisha.

SWALI: Nina karakana Njiro, Arusha, yenye umeme wa TANESCO. Kaka yangu aliye Marekani anataka kuniletea kwa ndege msumeno wa DeWalt wa inchi 12, wenye betri mbili za FlexVolt zilizoandikwa volti 60. Sanduku limeandikwa volti 120. Je, huo si una nguvu kuliko wa volti 54 unaouzwa Ulaya?
Seremala, Njiro

JIBU: Hapana, ni kitu kilekile kilichovalishwa namba mbili. Seli moja ya lithiamu huhesabiwa volti 3.6 ikiwa kazini, lakini ikitoka tu kwenye chaja hupanda hadi 4 au zaidi. Seli 15 zikipangwa mstari ni volti 54 kwa hesabu ya kwanza na 60 kwa hesabu ya pili. Ulaya huandika ya kwanza, Marekani huandika ya pili. Vivyo hivyo "20" ya Marekani ni 18 ya kwetu, na "40" ni 36. Hiyo 120 ya kwenye sanduku ni betri mbili za 60 zilizojumlishwa.

Kinachonitia wasiwasi ni chaja. Imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, na ukutani kwako zipo 230. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mpasuko mmoja mdogo na biashara imekwisha. Mashine hiyo pia huja na kifaa cha kuiwezesha kutumia umeme wa ukutani pale betri zinapokuwa zimeisha. Nacho ni cha volti 120, usikijaribu. Mwambie kaka aache chaja huko, wewe utafute ya volti 230 ya kampuni hiyohiyo, maana betri zinaingiliana. Diski nayo ina jambo: ya inchi 12 ya Marekani ina tundu la inchi moja, wakati nyingi za ukubwa huo unazoziona hapa zina tundu la milimita 30. Tundu kubwa hupunguzwa kwa pete maalumu inayokaza. Dogo usithubutu kulipanua kwa tupa.

Kwa upande wa ndege, betri za akiba hukaa kwenye mzigo wa mkononi, si ule unaoingia tumboni mwa ndege. Zinazozidi wati-saa 100 zinahitaji kibali cha shirika, na zinazozidi 160 hazipandi kabisa na abiria. Betri ya FlexVolt iliyoandikwa ampea-saa 6 (hizo 6 huhesabiwa kwa volti 18, si 54) ina wati-saa 108, kwa hiyo kaka aulize mapema, na ile kofia nyekundu ya kusafirishia asiitupe.

Ila niseme wazi: kama mashine haitatoka karakanani na umeme upo, sioni kwa nini ulipie betri. Msumeno wa waya wa diski ya milimita 255 utakukatia mninga kutwa nzima, na siku umeme ukikatika utapumzika nao pamoja.

SWALI: Nimeuziwa betri iliyoandikwa 88VF kwa bei ya chini, nikaambiwa inaingia kwenye msumeno wangu wa volti 18 na itaupa nguvu mara nne. Ni kweli?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Si kweli, na shukuru, kwa sababu volti 88 za kweli zingeichoma mota yako siku ya kwanza. Hizo herufi VF hazimaanishi volti. Ndani, betri za namna hiyo kwa kawaida huwa na seli tano mstari mmoja kama yoyote ya volti 18, na tofauti iko kwenye idadi ya mistari. Nenda kwa muuza nyama umwombe mzani. Betri ya kweli ya volti 18 na ampea-saa 5 mara nyingi ina seli kumi ndogo za duara, kila moja gramu 45 hadi 50, kwa hiyo seli pekee zinakaribia nusu kilo na betri nzima huvuka gramu 600. Ikisoma gramu 350, una seli tano ndani ya kasha la seli kumi. Itazungusha drili bila taabu, lakini msumeno utaizima kwenye ubao wa pili au wa tatu.